Umemaliza PhD, sawa, ila nani alikufundisha kufundisha? Postidoki ya ualimu imekaaje

Mtu akitaka kufundisha fizikia fomu tuu kwenye shule yoyote ya kata hapa Mbeya, kwa kawaida lazima awe amesomea ualimu, diploma au digrii, na kabla hajamaliza anapelekwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, anakaa shuleni wiki kadhaa, anaandaa azimio la kazi, anaandika andalio la somo, alafu msimamizi anatoka chuoni anakuja kukaa nyuma ya darasa na karatasi yake anamwangalia anavyofundisha. Kipindi kikiisha wanakaa chini wawili, anaambiwa hapa umekimbia, hapa umeuliza swali ukajijibu mwenyewe, wale wa nyuma hujawagusa kabisa. Sasa chukua mwanafunzi wake mmoja, amefaulu, amepita fomu siksi, amefika chuo kikuu, anakutana na mhadhiri wa fizikia mwenye PhD safi kabisa, na inawezekana huyo mhadhiri tangu azaliwe hajawahi kukaliwa nyuma ya darasa na mtu yeyote. Hakuna aliyemwambia kwamba anaongea na ubao. Na wala hajakwepa kitu, hiyo hatua kwenye njia yake haikuwepo tu.

Iangalie hiyo njia vizuri. Unamaliza digrii ya kwanza na GPA ya 3.8 kwenda juu, unachukuliwa kuwa TA yaani mkufunzi msaidizi, unasoma masta unakuwa mhadhiri msaidizi, unaenda PhD, Sokoine, Nairobi, Beijing, Norwei, popote ufadhili ulipopatikana, unarudi unakuwa mhadhiri kamili. Kila ngazi inapimwa kwa cheti na GPA, na baada ya PhD inapimwa zaidi kwa machapisho. Kufundisha kunachukuliwa kama kitu kitakachokuja chenyewe, kwa hiyo mtu anafundisha kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo hivyo, slaidi zinapita mkono kwa mkono na madesa, yaani zile notsi za kozi, yanatolewa kopi yale yale mwaka hadi mwaka.

Hapo ndo inaingia habari ya postidoki yenye mlengo wa kufundisha. Naona watu wanaibishania sana, na mara nyingi wanabishana kwa sababu kila mmoja ana kitu chake kichwani, maana jina moja linabeba mambo kama manne hivi ambayo hayafanani, na moja kati ya hayo manne ni baya kabisa na inabidi tuliogope.

Kwanza postidoki yenyewe. Ni ajira ya muda, kawaida mwaka mmoja hadi mitatu, kwa mtu aliyemaliza PhD ambaye bado hajapata kazi ya kudumu au anataka kukomaa kwanza, anakaa chini ya mtafiti mkubwa, anafanya utafiti, anaandika mapepa, anajenga jina. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, hasa kwenye sayansi, bila hiyo kuajiriwa chuo kikuu ni ngumu. Kwetu siyo hatua ya kawaida, sisi wengi tunaajiriwa kwanza ndo tunapelekwa kusoma, kwa hiyo mtu wetu akimaliza PhD anarudi moja kwa moja kwenye venyu, yaani ukumbi wa mihadhara, iliyojaa. Hii tofauti ibaki kichwani, ntairudia huko chini kwa sababu ndiyo inayoamua tunaweza kuchukua nini kwao na nini hakitufai.

Aina ya kwanza ya postidoki ya kufundisha ni ile ya mseto, na mfano wake mkubwa ni mpango wa Marekani uliojulikana kama IRACDA, ulianzishwa mwaka 1999 chini ya taasisi yao ya taifa ya afya, ile NIH. Mpangilio wake ulikuwa hivi: asilimia 75 ya muda wa mtu ni utafiti kwenye maabara ya chuo kikubwa, asilimia 25 ni kujifunza kufundisha na kufundisha kwenyewe. Na kufundisha kulifanyika kwenye vyuo vingine washirika, vile vinavyohudumia wanafunzi wengi wa jamii zilizoachwa nyuma. Pale Atlanta kwa mfano, Chuo Kikuu cha Emory kiliungana na vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, Morehouse (alikosoma Martin Luther King, alimaliza 1948), Spelman na Clark Atlanta. Postidoki anafanya utafiti wake Emory, anapewa mafunzo ya namna ya kufundisha, alafu anaenda kufundisha kwenye vyuo hivyo akiwa na mlezi, yaani mwalimu mzoefu wa pale pale anayemwandaa na kumwangalia. Kinachonivutia mimi ni kwamba faida ilienda pande zote, postidoki anapata darasa la kweli la kujifunzia, chuo kidogo kinapata mtu mwenye utafiti wa moto moto, na wanafunzi wanamwona mwanasayansi kijana ambaye hajawa mbali nao sana kwa umri.

Aina ya pili ni tofauti kabisa. Hapa postidoki anawekwa ndani ya idara ili asaidie wahadhiri waliopo kubadilisha kozi zao, yeye mwenyewe hapewi kozi ya kubeba. Hii ilipata nguvu kupitia Carl Wieman, mwanafizikia aliyechukua Nobeli mwaka 2001 alafu akageukia suala la ufundishaji kwa nguvu zake zote, akaanzisha mpango Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2006 na mwingine Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada mwaka 2007. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza ila gumu kulifanya: chukua mtu mwenye PhD ya fizikia, mfundishe sayansi ya jinsi watu wanavyojifunza, mpeleke idara ya fizikia. Wa baiolojia aende baiolojia. Asitoke kitivo cha elimu akaja kuwaambia wanafizikia namna ya kufundisha fizikia, kwa sababu hawatamsikiliza, na tuseme ukweli hata kwetu hawamsikilizi. Huyu wa fani yao akisema wanafunzi hapa kwenye mkondo wa umeme huwa wanakwama, wanajua anajua anachoongea. Anakaa na mhadhiri mmoja semista nzima au zaidi, wanaichambua kozi yake kuanzia malengo mpaka maswali ya mtihani.

Kutokana na mpango huo wa Kanada likatoka jaribio lililochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2011, na mimi naona kila mkuu wa idara alijue. Kozi ya fizikia mwaka wa kwanza, makundi mawili yenye wanafunzi kama 270 kila moja, yaani venyu kubwa kama zetu. Wiki 11 makundi yote yalifundishwa kwa lekcha ya kawaida. Wiki ya 12, mada mawimbi ya umeme na sumaku, kundi moja likabaki na profesa wake mzoefu ambaye wanafunzi walikuwa wanampa alama za juu, kundi la pili likachukuliwa na Louis Deslauriers, postidoki ambaye alikuwa amepata mafunzo lakini hana uzoefu mkubwa wa kufundisha. Yeye hakusimama kuhadhiri. Wanafunzi walipewa kurasa chache za kusoma kabla, wakija darasani wanapewa swali, wanajibu, wanajadili na jirani, wanajibu tena, anawarekebisha kutokana na majibu yao, linakuja swali jingine. Mwisho wa wiki makundi yote yakafanya jaribio moja. Kundi la profesa wastani asilimia 41, kundi la postidoki asilimia 74. Na mahudhurio ya kundi lake yalipanda wiki hiyo wakati ya upande wa pili yalibaki pale pale. Ni wiki moja tu ndiyo, mtu asije akasema wiki moja inathibitisha kila kitu. Lakini ukiliweka pamoja na uchambuzi wa mtafiti Freeman na wenzake wa mwaka 2014, waliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi, picha ni ile ile, kwenye madarasa ya lekcha tupu waliofeli walikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa ambayo wanafunzi wanashughulishwa asilimia 21.8. Geuza hiyo kuwa watu. Kwenye darasa la 300 ni wanafunzi kama 36 ambao wasingeshika sapu (mtihani wa kurudia), wasingedisko (kuondolewa chuo), wasingerudi nyumbani Rungwe au Ludewa wakiwa na deni la bodi ya mikopo na hawana cheti.

Na hapa niseme kitu kuhusu vimbweta, yale meza na mabenchi ya nje ya kusomea chuoni, maana kila nikisoma hizi tafiti nakumbuka vimbweta. Wanafunzi wetu tayari wanafanya hiki ambacho Wamarekani wanakiandikia mapepa. Lekcha ikiisha wanaenda kwenye kimbweta, mmoja aliyeelewa anawapigia pindi wenzake, yaani anawafundisha, wanabishana, mwingine anasema hapana hiyo fomula haiendi hivyo, mpaka saa tatu usiku na ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado wa mwaka 2009, walifundisha jenetikia, wakakuta wanafunzi wakijadiliana swali wanapata jibu sahihi zaidi hata kwenye kundi ambalo mwanzoni hakuna hata mmoja aliyekuwa analijua. Kwa hiyo kujifunza kwingi kunatokea kwenye pindi, ila kunatokea mhadhiri akiwa hayupo, hajui wamekwama wapi, na wakikubaliana kitu cha makosa kinabaki hivyo hivyo mpaka UE, mtihani wa mwisho wa semista. Mafunzo haya tunayoongelea, sehemu yake kubwa ni kumfundisha mhadhiri kijana namna ya kuliingiza pindi ndani ya venyu, kwa mpangilio, na yeye akiwepo kusikia. Wala haihitaji vile vidude vya kubonyeza majibu, vidole vinatosha, kidole kimoja jibu A, viwili B, unaangalia venyu nzima kwa sekunde kumi unajua kama umeeleweka.

Aina ya tatu ni semina. Siyo postidoki kwa maana yake halisi lakini ndiyo inayouzwa sana kwa jina la kuwajengea uwezo wahadhiri, siku mbili tatu, ukumbi wa hoteli, chai na sambusa, mwezeshaji ana slaidi kuhusu ubaya wa slaidi, mwisho picha ya pamoja na cheti. Sisemi semina hazina kazi kabisa, zinafungua macho. Ila kama tunategemea semina peke yake ibadilishe ufundishaji tutasubiri sana, na ushahidi wa hili upo na ni mkali.

Diane Ebert-May wa Chuo Kikuu cha Michigan State na wenzake walifuatilia wahadhiri wa baiolojia waliopitia warsha kubwa za ufundishaji kule Marekani, na hizo hazikuwa za mchezo, zilikuwa kati ya zilizosifika zaidi nchini kwao. Baada ya hapo wakawauliza, je mmebadilika? Asilimia 89 wakasema ndiyo, sasa hivi darasani kwetu mwanafunzi ndiyo kiini. Alafu watafiti wakaomba video zao wakiwa darasani. Asilimia 75 ya walioangaliwa walikuwa bado wanahadhiri tu kama zamani, na wale watu hawakuwa waongo, waliamini kabisa wamebadilika. Hiyo ilichapishwa mwaka 2011, na kwangu mimi ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye mada hii, kwa sababu inaonyesha huwezi kumuuliza mtu anafundishaje ukapata ukweli, inabidi ukae nyuma ya darasa umwone. Tunarudi kule kule kwa mwanafunzi wa BTP.

Walichofanya baadaye ndo kinanipa matumaini. Wakaacha kuhangaika na wahadhiri waliokomaa, wakaenda kwa mapostidoki, watu ambao hawajaota mizizi kwenye staili yoyote. Miaka miwili kila kundi. Wanajifunza, wanatengeneza kozi nzima wakiwa timu, wanaifundisha kweli kwa wanafunzi wa kweli huku wana walezi, wanarekodiwa, wanaangalia, wanarekebisha, wanafundisha tena. Matokeo yakatoka 2015, mapostidoki hao walifundisha kwa namna inayomshughulisha mwanafunzi, na kwa kuonekana kwenye video siyo kwa kujisemea. Ufuatiliaji uliochapishwa 2016 ukaonyesha wengi, walipoajiriwa vyuo mbalimbali, waliendelea nayo. Tofauti kati ya 2011 na 2015 ni muda, kozi nzima badala ya mazoezi ya siku mbili, mtu wa kukuangalia, na umri wa kitaaluma wa anayefundishwa. Ukikosa hivyo vitu ukabaki na jina tu la postidoki, unachopata ni semina ndefu.

Sasa aina ya nne, ile niliyosema ni mbaya. Ni chuo kuchukua mtu mwenye PhD, kumpa mkataba wa mwaka mmoja, kumwita postidoki wa ufundishaji, kumrundikia kozi nne au tano pamoja na usimamizi wa tafiti za wanafunzi na kusahihisha UE, bila mlezi, bila mafunzo, bila hata saa moja ya kuandika pepa lake. Hiyo ni nguvu kazi ya bei rahisi imevishwa jina zuri. Kule nje ipo na inalalamikiwa sana, na sisi tukiiga postidoki kwa haraka haraka tutaiga hiyo kwanza, maana ndiyo rahisi kuliko zote na inamaliza upungufu wa wahadhiri kwenye ratiba. Kipimo chake ni kimoja tu, waulize muda wa kujifunza uko wapi kwenye ratiba. Kama haupo basi haupo, hata mkataba ungeandikwa kwa maneno matamu namna gani.

Najua kuna hoja itakuja, na ni hoja ya haki, kwamba kijana mwenye PhD mpya anatakiwa akimbizane na machapisho, ukimwingiza kwenye mambo ya kufundisha unamchelewesha kupanda cheo. Kuna utafiti wa David Feldon na wenzake, huo nao ulitoka Science mwaka 2011, walichukua wanafunzi 95 wa shahada za juu kwenye sayansi, wengine wanafanya utafiti tu, wengine wanafanya utafiti na kufundisha, wakalinganisha maandiko yao ya utafiti mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka. Waliokuwa wanafundisha pia waliimarika zaidi kwenye kutunga nadharia tete zinazopimika na kwenye kupanga majaribio. Ukifikiria siyo ajabu, ukimweleza mtu wa mwaka wa kwanza kwa nini kipimo kinahitaji kundi la kulinganisha, wewe mwenyewe unalazimika kulielewa mpaka chini. Kwa hiyo kusema kufundisha kunaua utafiti siyo sahihi. Kinachoua utafiti ni kozi tano kwa mpigo.

Sasa turudi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na ile tofauti niliyosema ntairudia. Sisi hatuna jeshi la mapostidoki wanaosubiri ajira, tuna watu walioajiriwa tayari wanaorudi na PhD. Kwa hiyo kunakili IRACDA kama ilivyo hakutufai. Afrika Kusini wao wana mpango wa nGAP tangu 2015, mtu anaajiriwa kabisa, anapewa mlezi, na mzigo wa kufundisha mwanzoni unapunguzwa kwenye mpango wa miaka sita. Huo uko karibu zaidi na hali yetu. Norwei wameenda kwa sheria, tangu 2019 anayetaka cheo cha profesa mshiriki anatakiwa awe na mafunzo ya ufundishaji yasiyopungua saa 200. Na hapa hapa nyumbani kulikuwa na mradi wa TESCEA, 2018 mpaka 2021, ulioshirikisha Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dodoma pamoja na Gulu na Uganda Martyrs vya Uganda, wahadhiri walikaa wakasuka upya kozi zao wakianza na kitu mhitimu anatakiwa aweze kukifanya. Mzumbe wana tawi hapa Mbeya, kwa hiyo huu ujuzi hauko mbali hivyo.

Mimi naona tuna kitu ambacho watu wengi hawakioni kwa sababu kimezoeleka, ni jinsi taasisi zetu zilivyokaa. Hapa Mbeya kuna MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia), kuna ndaki ya afya ya UDSM, kuna TEKU (Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji), kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki, kuna hilo tawi la Mzumbe. Pembeni kuna NIMR Mbeya, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanafanya utafiti mkubwa wa virusi vya ukimwi na kifua kikuu, kuna TARI Uyole, taasisi ya utafiti wa kilimo. Alafu ukishuka barabara ya TANZAM zaidi ya kilomita 300 unafika Iringa, kuna Mkwawa, chuo kishiriki cha UDSM kilichoanzishwa 2005 mahususi kwa elimu, wana wataalamu wa ufundishaji ambao kazi yao ya kila mwaka ni hiyo hiyo ya kukaa nyuma ya darasa na karatasi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na kuna Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa. Sasa fikiria mwenye PhD mpya ya vimelea, robo tatu ya muda wake yuko maabara NIMR, robo moja anafundisha kozi moja, MOJA, ndaki ya afya au chuo kingine hapa mjini, mlezi wake wa fani ni mhadhiri mwandamizi wa kozi ile, na mlezi wa ufundishaji anatoka Mkwawa, anapanda basi mara mbili tatu kwa semista kuja kumwona, katikati wanatumiana video iliyorekodiwa kwa simu. Gharama yake ukilinganisha na kujenga jengo ni ndogo sana. Mradi wa HEET, ule wa kuboresha elimu ya juu, wa Benki ya Dunia ulioanza 2021, dola milioni 425 kwa vyuo vya umma na MUST ikiwemo, umejenga na umesomesha watu PhD, ni kitu kikubwa na nakishukuru, ila majengo yakikamilika na PhD zikirudi swali linalobaki ni nini kinatokea humo ndani saa mbili asubuhi mlango ukifungwa.

Kuna fundo moja bado, nalo ni kupima. Tathmini tunayotumia zaidi ni zile fomu za wanafunzi mwisho wa semista. Mwaka 2019 huyo huyo Deslauriers na wenzake, safari hii wakiwa Harvard, walionyesha kitu kinachosumbua, wanafunzi waliofundishwa kwa kushughulishwa walijifunza zaidi kwenye mtihani, lakini walipoulizwa walisema wanahisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliopata lekcha tamu. Kusikiliza mtu anayeongea vizuri kunakupa hisia ya kuelewa, kuhangaika na swali kunakupa hisia ya kutoelewa. Kwa hiyo mhadhiri kijana akibadilisha darasa lake semista ya kwanza anaweza kupigwa alama za chini kwenye fomu, mkuu wa idara akaziona, na kijana akarudi kwenye slaidi ili ajiokoe. Hao watafiti walichoshauri ni kuwaeleza wanafunzi mapema, wiki za mwanzo kabisa, kwamba huko kuhangaika ndiko kujifunza kwenyewe, na kuwaonyesha ushahidi. Na upande wa chuo, ripoti ya mlezi aliyekaa darasani iwekwe kwenye faili la kupandishwa cheo pamoja na fomu za wanafunzi na machapisho, isiishie kuwa karatasi ya pembeni.

Kwa dada na kaka zangu mnaorudi na PhD mwaka huu, au mliopata barua ya postidoki yenye neno ufundishaji ndani yake, kabla hamjasaini ulizeni. Kozi ngapi kwa semista, na kama ni zaidi ya moja mwaka wa kwanza, kwa nini. Mlezi ni nani, muulizieni kwa jina, alafu nendeni mkaongee naye mjue kama anajua kuwa yeye ni mlezi, maana inatokea sana mtu kuandikwa mlezi na hana habari. Atakuja darasani mara ngapi. Kozi utaruhusiwa kuibadilisha, pamoja na mtihani wake, au utakabidhiwa madesa ya aliyekutangulia na kuambiwa fuata haya. Siku za utafiti ni zipi kwenye wiki na ziandikwe kwenye barua, kwa sababu siku isiyoandikwa italiwa na kikao. Na mkataba ukiisha, cheti au ripoti utakayopata inahesabika wapi utakapoomba kazi au cheo. Mkuu wa idara mwenye nia njema atakujibu hayo yote kwa nusu saa, na pale ambapo hana jibu mnaweza kulitengeneza pamoja kabla semista haijafunguliwa.